Sera za Serikali, Nyumba Unayoishi na Mfuko Wako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Neno kodi katika Kiswahili lina sura mbili: kuna kodi unayompa mwenye nyumba, na kuna kodi unayoipa serikali. Zote zimo humu, na mara nyingine moja huizaa nyingine. Ili tusichanganye, ya kwanza tutaiita pango, ya pili kodi ya serikali. Maswali yana namba ili jibu moja likupeleke kwa jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Serikali haijanijengea nyumba wala sijawahi kuiomba chochote. Sera zake zinanihusu nini?

Zinakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga ofisi ya ardhi. Maamuzi mazito ya nyumba hufanywa kwenye vikao ambavyo neno nyumba halitajwi kabisa. Benki kuu inakaa kupanga riba. Wizara ya fedha inaweka ushuru kwenye saruji na nondo. Halmashauri inaamua barabara ipite wapi na maji yafike lini. Bunge linapitisha kima cha chini cha mshahara. Hakuna hata mmoja aliyekitaja chumba chako, lakini mwisho wa mwezi wote wamo kwenye pango unalolipa.

Kuna jambo moja naomba ulishike kabla hujaendelea, maana litajitokeza karibu katika kila jibu. Sera ya nyumba huwagusa kwa namna tofauti walio ndani na walio nje. Aliye ndani ni mwenye nyumba, au mpangaji aliyekwisha kupata mkataba mzuri. Aliye nje ni kijana anayeanza kazi, familia inayohamia mjini, mjane anayetafuta chumba. Sera nyingi zinazoshangiliwa huwalinda wa ndani, na gharama huangukia wa nje, ambao hawakualikwa kikaoni na hawana chama cha kuwasemea. Tangazo lolote likitoka, uliza kwanza limemhesabu nani na limemsahau nani.

2. Nitajuaje kama nyumba inakula sehemu kubwa mno ya kipato changu?

Kipimo kinachotajwa sana ni asilimia 30 ya kipato. Wengi hudhani wataalamu walikaa wakapima mahitaji ya binadamu wakaipata namba hiyo. Haikuwa hivyo. Mwaka 1969 Marekani ilipitisha marekebisho ya sheria yaliyopendekezwa na Seneta Edward Brooke, kwamba pango la mpangaji wa nyumba za umma lisizidi asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981, katika mbio za kubana matumizi ya serikali, ikapandishwa hadi 30. Tangu hapo namba imezunguka dunia nzima kana kwamba ni kanuni ya hesabu.

Mimi ninaamini zaidi kile kinachobaki. Toa pango, maji, umeme na nauli ya kazini, kisha tazama kama kilichobaki kinatosha chakula, ada na dawa. Mwenye kipato kikubwa anaweza kulipa asilimia 40 akalala vizuri. Mwenye kipato kidogo anaweza kulipa 20 na watoto wakalala njaa. Nauli usiisahau. Nyumba ya bei rahisi iliyo saa mbili kutoka kazini mara nyingi si rahisi hata kidogo, na jibu la 9 linaeleza jinsi serikali zenyewe zilivyojikwaa hapo.

3. Kwa nini pango hupanda haraka kuliko mshahara?

Kazi zikiongezeka mahali, watu hufika mara moja. Nyumba huchukua miaka. Kutafuta kiwanja, kupata kibali, kukopa na kujenga ni safari ndefu, na kila hatua ina ofisi yake. Katika kipindi hicho chumba kimoja kinagombewa na watu watano, na mwenye nacho anataja bei anayotaka. Kwa hiyo serikali inayokaribisha viwanda bila kuharakisha viwanja na vibali inapandisha pango hata kama haikukusudia.

## Riba na mikopo

4. Benki kuu ikipandisha riba, kwa nini naumia mimi?

Benki kuu hupandisha riba ili kupoza mfumuko wa bei. Mikopo ikiwa ghali, watu hukopa kidogo, hununua kidogo, na bei hupunguza mbio. Lakini deni kubwa kuliko yote katika maisha ya watu wengi ni la nyumba, kwa hiyo dawa hiyo hupita kwanza mlangoni kwao.

Tuketi tupige hesabu. Chukua mkopo wa 100,000, za sarafu yoyote ile, wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 5, rejesho la kila mwezi ni karibu 660. Kwa asilimia 8 ni karibu 836. Pointi tatu zilizoonekana ndogo kwenye taarifa ya habari zimeongeza rejesho kwa zaidi ya robo. Sasa litazame lile rejesho la kwanza la 836: karibu 667 ni riba tupu, na deni lenyewe limepungua kwa kiasi kisichofika 170. Na yule mwenye uwezo wa kulipa 660 kwa mwezi, ambaye jana angepata mkopo wa 100,000, leo anapata karibu 79,000. Mshahara wake ni uleule, nyumba anayoitamani ni ileile.

Uzito wa pigo hutegemea mkataba. Mkopo wa riba inayobadilika hukupiga ndani ya miezi michache. Wa riba isiyobadilika hukulinda, lakini wakati mwingine hukufunga pia. Marekani, ambako mkopo wa miaka 30 wa riba isiyobadilika ndio wa kawaida, benki kuu ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Waliokopa mwaka 2021 kwa asilimia 3 hivi hawakuongezewa hata senti. Ila wengi wao waliacha kabisa kuuza, kwa kuwa kuhamia nyumba nyingine kungemaanisha mkopo mpya wa asilimia 7 au zaidi. Nyumba zikaadimika sokoni. Wa ndani walisalimika. Wa nje walikuta bei iko juu na riba iko juu.

Mpangaji hasalimiki kwa kuwa hana mkopo. Walioshindwa kununua wanabaki kupanga, foleni ya vyumba inarefuka, na mwenye nyumba aliyekopa anajaribu kulisukumia rejesho lake kwenye pango.

Kabla ya kusaini mkopo wowote, muulize ofisa wa benki swali hili na umwombe aandike jibu kwenye karatasi: riba ikipanda kwa pointi tatu, rejesho langu litakuwa kiasi gani? Akikwepa kuandika, ondoka.

5. Je, bajeti moja ya serikali inaweza kubadili rejesho langu?

Inaweza, tena ndani ya siku chache. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wa fedha wa Uingereza, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo kubwa la kodi za serikali bila kuonyesha pengo lingezibwa na nini. Wanaoikopesha serikali waliingiwa na hofu, wakadai riba kubwa zaidi kwenye hatifungani, yaani hati ambazo serikali hukopea. Benki ziliondoa sokoni mamia ya aina za mikopo ya nyumba, na wengi waliotafuta mkopo mwezi uliofuata walikuta riba ya asilimia 6. Kwarteng aliondolewa, na Waziri Mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu Oktoba 20. Sehemu kubwa ya punguzo ilifutwa. Aliyekuwa amesaini mkopo wake katikati ya sokomoko hilo hakufutiwa chochote.

6. Serikali ikiwasaidia wanunuzi wa mara ya kwanza kwa ruzuku, si jambo jema?

Nia ni njema. Matokeo hutegemea kama nyumba zinaweza kuongezeka. Palipo na ardhi na vibali, fedha mpya huleta nyumba mpya. Palipobanwa, watu kumi waliokuwa wakigombea nyumba tatu sasa wanazigombea wakiwa na fedha zaidi, na ruzuku inaishia mfukoni mwa muuzaji. England ilianzisha mpango wa namna hii mwaka 2013, na watafiti waliouchunguza waliona mambo hayo mawili: London ulipandisha bei za nyumba mpya bila kuongeza ujenzi wa maana, na karibu na mpaka wa Wales, ambako kujenga ni rahisi zaidi, uliongeza ujenzi.

## Pango

7. Serikali ikiweka kikomo cha pango, mpangaji anafaidika au anaumia?

Aliyemo ndani ya nyumba anafaidika, na faida hiyo ni ya kweli. Hakuna sababu ya kumbeza mzee anayeweza kuendelea kuishi karibu na hospitali yake na majirani wake wa miaka 20. Anayeumia ni yule ambaye bado anatafuta.

Mfano uliochunguzwa kwa makini ni wa San Francisco. Mwaka 1994 wapiga kura waliongeza kikomo cha pango kwenye majengo madogo ya kupangisha yaliyojengwa kabla ya 1980. Watafiti walifuatilia wapangaji na majengo yenyewe kwa miaka mingi. Wapangaji waliolindwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kwenye anwani zao. Lakini wenye majengo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, kwa kuzigeuza za kuuza au kujenga upya, na pango la jiji zima likapanda kwa karibu asilimia 5. Sheria ileile iliwaokoa wengine na kuwatoza wengine.

Kuna na matengenezo. Niliwahi kuishi kwenye nyumba ambayo pango lake halikuwa limeguswa kwa miaka. Mvua zikianza, tulikuwa tunahamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule tukikwepa tone, na ndoo ilikuwa na mahali pake katikati ya chumba kama samani. Mwenye nyumba alikuwa anasubiri tuchoke tuondoke. Kikomo cha pango kisichoandamana na sheria ya matengenezo humpa mwenye nyumba silaha nyingine.

Ninaunga mkono ulinzi wa aina hii: ongezeko liwe na kipimo na notisi ndefu, mtu asiondolewe bila sababu ya kisheria, majengo mapya yasiwekewe kikomo kwa miaka kadhaa ili wajenzi wasikimbie, na serikali yenyewe iwe inaongeza nyumba kila mwaka. Ukitoa hilo la mwisho, unakuwa umewagawia watu uhaba tu.

## Ardhi na ujenzi

8. Ramani ya mipango miji ina uhusiano gani na umaskini wangu?

Ramani hiyo inaamua nani anaweza kuishi wapi. Ikiandikwa kwamba eneo fulani ni la nyumba moja kwa kiwanja kikubwa, imeandikwa bila kusema kwamba mwenye kipato cha chini asikanyage hapo. Marekani ilikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mikopo, na mitaa ya Weusi ilipakwa nyekundu. Ubaguzi katika nyumba ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1968. Kufikia hapo familia nyingi za wazungu zilikuwa zimejenga mali kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali, na za Weusi zilikuwa zimepanga kwa muda wote huo.

Ramani inaweza kufunguliwa pia. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 iliruhusu ujenzi wa nyumba nyingi zaidi kwenye karibu robo tatu ya ardhi yake ya makazi, na vibali vya ujenzi vikapanda kwa kasi katika miaka iliyofuata.

Mpango wa eneo lako ukitangazwa, huwa kuna siku za kupokea maoni. Nenda. Wanaofika mara nyingi ni wenye viwanja wanaopinga majengo ya ghorofa, na mpangaji asipofika, kikao kinaandika kwamba wananchi wamepinga.

9. Kwa nini nyumba za gharama nafuu za serikali wakati mwingine hubaki tupu?

Kwa sababu zilijengwa mahali ambapo ardhi ni rahisi, na ardhi huwa rahisi pale ambapo hakuna kazi, shule wala usafiri. Mexico ilitoa mikopo kwa mamilioni ya nyumba ndogo pembezoni mwa miji, na sensa ya 2010 ikakuta karibu nyumba milioni 5 nchini hazina mtu. Zimo humo nyumba za watu waliokuwa bado wanadaiwa, walioamua kuziacha kwa kuwa safari ya kazini ilimaliza mshahara. Afrika Kusini tangu 1994 imejenga mamilioni ya nyumba za bure kwa maskini, kazi kubwa inayostahili heshima. Lakini nyingi ziko mbali na katikati ya miji, kulekule ambako Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 iliwasukumia watu Weusi.

Ukipewa nafasi kwenye mradi, nenda siku ya kazi, saa ambayo ungeondoka kwenda kibaruani, upande usafiri uone unafika saa ngapi na kwa nauli gani.

10. Je, kuna serikali iliyojenga nyumba yenyewe ikafanikiwa?

Zipo. Vienna, mji mkuu wa Austria, ilianza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1923 ikaweka kodi ya nyumba iliyowabana zaidi wenye makazi ya kifahari, na kabla ya 1934 ilikuwa imejenga zaidi ya nyumba 60,000. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na bado linakaliwa. Leo karibu nusu ya wakazi wa jiji hilo wanaishi katika nyumba za jiji au zilizojengwa kwa ruzuku, na humo wamo walimu na mafundi, hazikuachwa ziwe za maskini peke yao. Singapore iliunda bodi yake ya nyumba mwaka 1960, na karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba zake. Huziuza kwa umiliki wa miaka 99 huku ardhi ikibaki ya serikali.

Uingereza ilikuwa na nyumba nyingi za halmashauri, kisha sheria ya 1980 ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Karibu nyumba milioni 2 ziliuzwa nchini England. Kwa familia zilizonunua ilikuwa baraka, na siwalaumu. Lakini halmashauri zilibanwa zisitumie sehemu kubwa ya mapato kujenga nyingine, na watoto wa kizazi kilichofuata wakakuta ghala limekwisha. Scotland ilisitisha uuzaji huo 2016 na Wales 2019.

## Kodi ya serikali

11. Kodi ya majengo ikipanda, nani hasa hulipa: mwenye nyumba au mpangaji?

Kwanza ni mwenye nyumba. Baadaye hutegemea soko: vyumba vikiwa haba, sehemu yake husukumwa kwenye pango, vikiwa vingi, mwenye nyumba huimeza mwenyewe. Serikali inaweza pia kuharibu kwa kuishusha. California mwaka 1978 ilipitisha kura inayozuia thamani inayotozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Matokeo yake, nyumba mbili pacha zinazotazamana zinaweza kulipa kodi zilizotofautiana mara kadhaa, kwa kuwa mmoja alinunua zamani na mwingine jana. Wa ndani na wa nje tena, kama katika jibu la 1.

## Hali ngumu

12. Nimeambiwa nihame kupisha mradi wa serikali. Nina haki gani?

Sheria ya nchi yako ndiyo ya kwanza kusoma, lakini kuna msingi wa kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1966 kuhusu haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni unatambua haki ya makazi katika ibara ya 11. Kamati inayousimamia ilieleza mwaka 1997 masharti ya kumwondoa mtu: washauriwe kwa dhati, wapewe notisi ya kutosha, waelezwe ardhi itatumika kwa nini, maofisa wawepo na wajitambulishe, wasiondolewe usiku wala hali ya hewa ikiwa mbaya, na wawe na njia ya kwenda mahakamani. Asiachwe mtu bila makazi. Ulinzi huo unamhusu hata asiye na hati. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Grootboom ya mwaka 2000, ilisema mpango wa nyumba wa serikali hauwezi kuitwa wa busara kama umewasahau wasio na paa kabisa.

Fanya haya leo, kabla tingatinga halijafika: piga picha kila chumba na kila mti, hifadhi risiti za vifaa na bili, andika majina ya majirani wanaoshuhudia umeishi hapo tangu lini. Usisaini karatasi ya tathmini ambayo hukupewa nakala yake. Mpangaji naye adai, kwa kuwa fidia nyingi hukabidhiwa mwenye jengo na aliyekuwa analala humo akasahaulika.

13. Nimelipia nyumba ambayo haijajengwa, na sera imebadilika. Nifanyeje?

China inaonyesha hatari yake. Mwaka 2020 serikali iliwawekea wajenzi wakubwa vikomo vya madeni, hatua ambayo kwa hesabu ilikuwa sahihi, kwa kuwa walikuwa wamekopa kupita kiasi. Kampuni ya Evergrande ikashindwa kulipa madeni yake mwaka 2021, miradi ikasimama, na mwaka 2022 wanunuzi katika miji mingi waligoma kulipa marejesho ya nyumba ambazo zilikuwa nguzo za zege tu. Walikuwa wanalipa pango wanakoishi na rejesho la wasikoishi.

Kama bado hujalipa, dai fedha ziwekwe kwenye akaunti ya amana inayosimamiwa na mtu wa tatu na zitolewe kwa hatua za ujenzi zilizokaguliwa. Kama umekwisha kulipa, tafuta wanunuzi wenzako mwende pamoja. Mdai mmoja husukumwa pembeni, mia mbili husikilizwa.

14. Sheria imenishushia pango, lakini kuna kesi ya kuipinga. Nitumie ile nafuu?

Iweke pembeni. Berlin ilipitisha sheria iliyoanza Februari 2020, ikazuia pango la nyumba takriban milioni 1.5 zilizojengwa kabla ya 2014, na baadaye mwaka huohuo wenye nyumba wakalazimika kushusha pango lililozidi kiwango. Wengi wao waliandika mikataba yenye pango mbili: la sheria mpya, na la pili litakalodaiwa sheria ikianguka. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilitangaza sheria hiyo ni batili tangu mwanzo, kwa kuwa mamlaka hayo ni ya serikali kuu. Wapangaji wengi wakatakiwa kurudisha tofauti yote. Waliofuata ushauri wa vyama vya wapangaji walikuwa wameitunza. Waliokwisha kuitumia ilibidi serikali ya jiji iwaundie mfuko wa kuwasaidia.

Soma mkataba wako kama una pango la pili. Kila mwezi weka tofauti kwenye akaunti yake, tunza risiti, na usiiguse hadi mahakama ya mwisho iamue. Ukipokea barua ya madai, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na uombe kulipa kwa awamu, kwa sababu pale Berlin deni la tofauti lililopuuzwa lingeweza kumpa mwenye nyumba sababu ya kuvunja mkataba.